Nyama Uzembe

Fundi alinizungushia futi kiunoni, akaisoma, akainama akaisoma tena, kisha akamtajia kijana wake aliyeshika daftari: "Arobaini na mbili." Kijana, ambaye alikuwa na vipimo vyangu vya zamani kwenye ukurasa uleule, akadhani amesikia vibaya. "Thelathini na mbili?" Fundi akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. "Arobaini, bwana. Kaka hapa ana nyama uzembe."

Nikacheka nao. Ungefanya nini, umesimama katikati ya kibanda cha cherehani Tandika, mikono umeinua kama mtuhumiwa?

Kiswahili hakina uchache wa maneno kwa watu wa umbo langu. Tunaitwa bonge, kibonge, pande la mtu, tipwatipwa, na mengine yanatamkwa kwa mahaba kabisa. Kitambi peke yake kina historia ya heshima. Baba zetu walikipigapiga baada ya chakula kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Lakini nyama uzembe imekuja na hati ya mashtaka mkononi. Imeshataja kosa, imeshamtaja mkosaji, na ushahidi mwenyewe umeuvaa.

Neno uzembe tunalisikia sana redioni pia. Basi limepinduka, kamanda wa polisi wa mkoa anahojiwa, na chanzo cha ajali kinatajwa: uzembe wa dereva. Mara nyingi ni kweli. Ila ukimsikiliza abiria aliyenusurika utaambiwa kwamba kona ile haina alama, kwamba lori lilikuwa limeharibika katikati ya barabara bila hata tawi la mti la kuonya watu, kwamba dereva hakuwa amelala kwa sababu tajiri alitaka gari ligeuze usiku huohuo. Yote hayo yanabanwa ndani ya maneno matatu na faili linafungwa.

Mimi nimekaa pande zote mbili za kesi hii. Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa mwendesha mashtaka, na mshtakiwa wangu alikuwa dada yangu.

Tulilelewa na chungu kimoja, Ngamiani, Tanga. Tena sinia moja: ugali na dagaa siku za kawaida, wali wa nazi Ijumaa, mihogo ya nazi mwisho wa mwezi mshahara wa baba wa ualimu ulipokuwa umekata. Kwenye sinia la watoto sheria ni moja, mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba, na mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko yote. Yeyote aliyenijua utotoni atakwambia nilikuwa mlafi. Nilikuwa nakomba mchuzi wa watu. Dada, aliyenizidi miaka miwili, alikuwa anakula taratibu na kuwasogezea wadogo matonge. Pamoja na hayo, kufikia darasa la tano yeye alikuwa anaitwa Bonge shule nzima, na mimi nikaitwa Njiti, kwa njiti ya kibiriti. Mama alikuwa na uhakika nina minyoo. Kila likizo nilinyweshwa dawa, na kila likizo minyoo haikuonekana.

Fumbo hili lilikuwa mbele ya macho yangu mara mbili kwa siku kwa miaka kumi na minane, na sikuliona. Nilichukua tu ile sehemu iliyonisifu. Nilipokua nikaamini kwamba mimi ni mwembamba kwa sababu ni mtu wa mpira, mtu wa nidhamu, mtu asiyejiachia.

Sikukuu ya Idi ya mwaka 2009 tulikuwa nyumbani wote. Dada alikuwa ameshazaa watoto watatu na mwili ulikuwa umeongezeka. Baada ya chakula, mbele ya watu, nikamwambia: "Dada, mdomo ndio mlango. Funga mlango." Niliupenda sana msemo ule, nilikuwa nimeutunga mwenyewe njiani. Watu wakacheka. Yeye akasema, "Sawa, mdogo wangu," akachukua vyombo akaenda jikoni.

Miaka mingi baadaye binti yake, ambaye sasa ni mtu mzima, aliniambia jambo huku akitazama pembeni: "Mjomba, mama hali chakula ukiwepo." Nilirudi nyuma kichwani kuhesabu ziara zangu zote. Ni kweli. Sikukuu zote hizo alikuwa anapakua, anahudumia, anasema ameshakula jikoni.

Kuna jaribio moja ambalo lau ningelijua mapema lingeninyamazisha siku ile. Claude Bouchard na wenzake, Quebec, Kanada, walichukua jozi 12 za mapacha wa kufanana, vijana wa kiume, wakawalisha kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yao, siku sita kwa wiki, kwa muda wa siku 100. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Wote walizidishiwa kiwango kilekile, chini ya usimamizi, hakuna wa kuiba wala wa kudanganya. Kwa wastani waliongezeka kilo 8 hivi. Lakini aliyeongezeka kidogo kabisa alipata kilo 4 na ushee, na aliyeongezeka sana alipata zaidi ya 13. Na kila pacha alimfuata pacha wake: mmoja akinenepa sana, mwenzake naye hivyohivyo, mmoja akigoma kunenepa, mwenzake naye anagoma. Miaka minne kabla, Albert Stunkard alikuwa ameangalia watu wazima wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kuasili. Unene wao uliwafuata wazazi waliowazaa. Kwa wazazi waliowalisha, waliokaa nao meza moja, hapakuwa na uhusiano wa kuonekana.

Sinia moja, basi, halikuwa na maana niliyoipa. Chakula kilikuwa kimoja, miili iliyokipokea ilikuwa miwili. Sasa tunajua kuna mamia ya vinasaba vinavyochangia, kila kimoja kidogo kidogo, na vingi vinafanya kazi yake ubongoni, kwenye njaa na shibe. Kimoja maarufu, FTO, kilihusishwa na unene mwaka 2007: kila mtu anacho, lakini aliyerithi kwa baba na kwa mama pia ile aina yake ya kunenepesha ana uzito wa kilo 3 hivi zaidi kwa wastani kuliko asiyeirithi kabisa. Wembamba wangu haukuwa jasho langu. Nilikuwa nimeurithi kama mtu anavyorithi nyumba ya Ngamiani, kisha nikawa nawacheka wapangaji.

Dada alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1974. Wazee wanaukumbuka mwaka ule: mvua zilikuwa zimekata, nchi ikaagiza mahindi nje, watu wakala ugali wa unga wa njano waliouita unga wa Yanga. Mama alikuwa na mimba yake wakati huo, na alikuwa akisimulia jinsi alivyopanga foleni na tumbo. Uholanzi walipata njaa kali majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, vita vikiwa vinaelekea ukingoni. Vijana waliokuwa tumboni wakati ule, walipopimwa wakiwa na miaka 19 kwa ajili ya jeshi, wale ambao mama zao walishinda njaa nusu ya kwanza ya ujauzito walikutwa na unene uliokithiri mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Yaani mwili uliofundishwa njaa kabla haujazaliwa unaweza kuja kuweka akiba maisha yake yote. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa dada. Ila nikikumbuka "funga mlango" naona haya maradufu.

Na huo wembamba wenyewe, kwa kizazi chetu, haukuwa sifa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia miaka ya tisini kila mji ulikuwa na wazishi wake. Mtu alikuwa anakonda mbele ya macho ya mtaa mzima. Ukipungua kidogo, hata kwa mawazo tu, watu walinong'ona kwamba umekanyaga miwaya. Nilipomaliza chuo nimekonda kwa kukosa hela, mama alinifungia ndani wiki mbili akinilisha, kisha akanitembeza sokoni ili watu waone nimerudi. "Umenenepa!" ilikuwa pongezi kamili, na kwa watu wengi bado ni pongezi. Mzazi naye akitoka arobaini lazima awe amejaa. Uji wa pilipili manga, kuku wa kienyeji, supu, amelala, wageni wanakuja kukagua kama familia imemtunza. Dada alitoka arobaini tatu, kila mara ametunzwa vizuri, kila mara akapongezwa. Kisha nikaja mimi kumwambia afunge mlango.

(Dunia ina vituko. Dolutegravir, ambayo sasa ni dawa ya msingi katika matibabu ya VVU, inahusishwa na kuongezeka uzito, na utafiti wa Johannesburg uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha hivyo hasa kwa wanawake. Dawa inaokoa maisha na hakuna sababu ya kuiacha. Lakini ugonjwa uliotufundisha kuogopa kukonda sasa una dawa ya kumnenepesha mgonjwa.)

Zamu yangu ikafika mwaka 2013. Nilipata kazi kwenye ofisi ya kugomboa mizigo karibu na bandari, na mwaka huohuo nikanunua gari. Nilikuwa na kilo 68 kwa urefu wa mita 1.72. Natoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, nafika ofisini na usingizi, chai ya kwanza vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili. Mchana wali kwa mama lishe, nimeketi. Jioni foleni tena, na katikati ya foleni zile chupa za soda za baridi zinazopita dirishani. Kuna jamaa wa chipsi pale kituoni ambaye alijua sauti ya gari langu. Nikisimama tu, kiepe yai kimeshamiminwa kwenye kikaango. Nalifunga zege lile kwenye mfuko, nafika nyumbani saa tatu na nusu usiku, na mke wangu naye ameshapika. Nakula vyote viwili. Kukataa chakula cha mkeo usiku ni kutafuta maswali.

Kufikia 2019 nilikuwa na kilo 91. Ukigawa uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe unapata 30 na ushee, na kuanzia 30 wataalamu hawasemi tena "uzito umezidi", wanasema kiribatumbo. Nilipiga hesabu ya juujuu: kilo 23 kwa miaka sita ni kalori 80 hivi kwa siku zilizobaki bila matumizi. Hesabu halisi ni kubwa kuliko hiyo, kwa sababu mwili ukikua nao unachoma zaidi, lakini bado ni kiasi kidogo cha kuchekesha. Kalori 80 ni vijiko vitano vya chai vya sukari. Soda moja ya kola ya mililita 350 inazipita karibu mara mbili. Hakuna siku hata moja katika miaka ile sita niliyoamka nikaamua kunenepa, na hakuna siku niliyojiona nimekula kupita kiasi. Kama huo ni uzembe, ni uzembe mdogo kuliko ule wa kusahau kuzima taa ya chooni.

Nilianza kukimbia. Jumamosi alfajiri, fulana za rangi moja, klabu ya joging, nyimbo, polisi wa usalama barabarani akitusimamishia magari. Nilikuwa na matumaini makubwa na mbio zile kwa sababu ya kila nilichoambiwa: tumenenepa kwa sababu hatutembei kama mababu. Sasa hapo ndipo Wahadzabe walipoivuruga hadithi. Herman Pontzer na wenzake walikwenda Ziwa Eyasi, wakawapima watu wazima 30 kwa kuwanywesha maji yenye alama maalumu na kuchunguza mkojo wao, njia ambayo inaonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani kwa siku. Wanaume wa Kihadzabe hutembea kilomita 11 hivi kwa siku wakiwinda na kutafuta asali, wanawake karibu 6 wakichimba mizizi. Kila mtu alitegemea wawe wanachoma moto mkubwa. Matokeo ya mwaka 2012 yakasema hapana: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe anatumia nishati ileile kwa siku kama karani wa Marekani. Inaonekana mwili una bajeti yake. Ukiutumikisha sana huku, unabana matumizi kule.

Mbio hazikuwa bure. Presha yangu ilishuka, nikalala vizuri, na nikapata marafiki wa ajabu ajabu. Lakini kitambi hakikuwa kinakimbizwa na mbio, na Wahadzabe hawakuwa wembamba kwa sababu ya jasho peke yake. Hata asali wanakula kweli kweli. Wasichokuwa nacho ni jamaa wa chipsi anayejua sauti ya gari.

Basi nikabana chakula. Miezi saba, kilo 14. Ofisini nilikuwa nasema, "Nilijikaza." Siku moja nilisema hivyo mke wangu akiwepo, akanitazama tu. Yeye ndiye aliyekuwa anaamka saa kumi kasoro kuchemsha mayai na viazi vitamu, kukata matango, kufunga kwenye hotpoti. Yeye ndiye aliyepika vyungu viwili kila jioni, cha watoto na cha bwana mkubwa anayejikaza. Kujikaza kwangu kulikuwa kunapikwa na mtu mwingine. Mama yake alipougua akaenda Moshi wiki sita, nilirudi kwenye zege siku ya nne.

Baada ya hapo kilo zikaanza kurudi, na zilirudi na njaa ambayo sijawahi kuijua utotoni. Naamka usiku naota sambusa. Nilidhani nimeharibika akili mpaka niliposoma habari za vijana 36 wa Minnesota ambao Ancel Keys aliwapunguzia chakula mwaka 1945 kwa miezi sita, mpaka wakapoteza robo ya uzito wao. Walikuwa watu wa msimamo mkali, waliokataa kwenda vitani kwa imani zao. Walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani. Waliporuhusiwa kula walikula kama watu wenye shimo lisilo na mwisho tumboni. Na mwaka 2016 Kevin Hall alichapisha habari za watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito Marekani. Miaka sita baadaye, 13 kati yao walikuwa wameongezeka tena, na miili yao ilikuwa inachoma kalori 500 hivi pungufu kwa siku kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa ukubwa wao. Miaka sita! Mwili ulikuwa bado unawadai.

Tangu mwaka 1994, maabara ya Jeffrey Friedman ilipoigundua homoni ya leptini, tunajua kwamba mafuta ya mwilini yana mdomo. Yanatuma habari ubongoni kuhusu akiba iliyopo. Akiba ikipungua, ubongo unasikia kengele ya njaa hata kama wewe mwenye mwili umefurahi kwamba suruali imelegea. Na sindano mpya za semaglutide, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya uzito, zinafanya kazi kubwa hapohapo kwenye hamu ya kula: kwenye majaribio watu walipungua kwa wastani asilimia 15 ya uzito, na walioacha sindano walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Bei yake kwetu ni ya kuitazama kwa mbali. Lakini huwa najiuliza swali la mtu wa sinia: kama sindano moja kwa wiki inaweza kuunyamazisha ulafi wa mtu, ule ulafi ulikuwa dhambi ya nani?

Najua jibu ambalo baadhi ya wasomaji wangu wanalitaka sasa. Wanataka niseme basi, ni vinasaba, ni homoni, tuachieni tule. Sisemi hivyo, kwa sababu hesabu zinakataa. Takwimu za taifa za afya ya uzazi zinaonyesha kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito au wenye kiribatumbo walikuwa asilimia 18 mwaka 2004 hadi 2005, wakafika 28 mwaka 2015 hadi 2016. Vinasaba vya nchi havibadiliki kwa miaka kumi. Tabia njema nazo haziwezi kuwa ziliwatoka wanawake wote hao kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na kiribatumbo, zaidi ya watu bilioni moja, na mimi siwezi kuamini mgomo wa uzembe wa watu bilioni moja usio na kiongozi.

Kilichobadilika ni kinachouzwa, kinapouzwa na bei yake. Utotoni mwetu mafuta ya kula yalikuwa kitu cha foleni ya duka la ushirika. Mama alikuwa anayapima kwa kijiko. Leo mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yapo kila kona, yanapimwa hata ya shilingi mia chache, na chochote kinachoweza kukaangwa kimekaangwa. Huyo Kevin Hall alifanya jaribio jingine, la mwaka 2019, ambalo mimi nalipenda kuliko yote kwa sababu ni dogo na limenyooka. Aliwafungia watu 20 kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vya viwandani, wiki mbili vyakula vya kupikwa kawaida. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zilizopakuliwa vikalinganishwa, na kila mtu akaambiwa ale atakavyo. Kwenye vya viwandani walikula kalori 500 zaidi kwa siku bila kujua, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vingine walipungua kiasi hichohicho. Ni watu walewale, na nidhamu yao ni ileile.

Kuna nchi zimechukua hatua: Meksiko ilianza kutoza kodi vinywaji vya sukari mwaka 2014, Afrika Kusini mwaka 2018. Sisi tunatoza ushuru wa bidhaa kwenye soda, lakini kwa ajili ya mapato, na mtaani kwangu maji ya chupa na soda vinakaa friji moja na bei zinakaribiana. Sitakaa sana hapa, wengine wanayajua haya kuliko mimi.

Kinachonishughulisha ni nani anadaiwa jukumu. Kiswahili kina msemo wa walioshika mpini na walioshika makali. Mimi ninayeendesha gari, mwenye mke anayepika vyungu viwili na mshahara wa kununua matango, nimeshika mpini kiasi. Ninaweza kudaiwa. Ninaweza kuacha kusimama pale kituoni, na nimeacha, kwa kubadilisha njia kabisa, maana kupita na kukataa sikuwezi. Tumeondoa kreti la soda nyumbani. Kopo la sukari linakaa kabatini, la chumvi vilevile. Siku tatu kwa wiki naacha gari Kimara napanda mwendokasi. Hayo yote ni madogo, yananiweka kwenye kilo 84, na sijifanyi kwamba nitarudi kuwa Njiti.

Dada yangu je? Alirithi kazi ya mama ya vitumbua. Analoweka mchele jioni, anaamka saa nane usiku kusaga na nazi na iliki, anaumua, saa kumi moto umewaka. Anasimama mbele ya karai mpaka saa mbili asubuhi. Anaonja, lazima aonje. Visivyouzwa ndivyo kifungua kinywa, kwa sababu kutupa kitumbua ni kutupa mtaji. Anapata usingizi wa muda wa saa tano tu kwa siku akibahatika, na kukosa usingizi peke yake kunaongeza njaa. Mtu huyu aliambiwa na mdogo wake afunge mlango. Aliwahi kwenda zahanati na goti lililovimba, akaambiwa apunguze mwili kwanza, goti halikuguswa. Alipoenda na homa, mwili ukatajwa tena. Akaacha kwenda. Alikaa miaka minne bila kupimwa, na presha ilikuwa ikimpanda muda wote huo. Tuligundua siku alipoanguka sokoni.

Nilimpigia simu kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika hata pointi. Akanikatiza. "Lile la mlango? Nilishasahau." Kisha akanyamaza kidogo. "Ila ulisema mbele ya wakwe zangu."

Sasa anameza dawa za presha kila siku, na binti yake ndiye anayekwenda naye kliniki, anaingia naye mpaka ndani. Uzito wake umeshuka kilo tano tu kwa miaka miwili. Presha imekaa sawa. Vitumbua anapika siku nne badala ya saba, kwa sababu ndugu tumekubaliana kuchangia zile siku tatu. Huo mchango umefanya kazi kuliko hotuba zangu zote, na ulichelewa miaka kumi na tatu.

Idi iliyopita tulikuwa Ngamiani tena. Walipakua sinia moja kubwa, pilau, na mtu akamwita aache vyombo aje. Alikuja akaketi karibu yangu, akanawa. Hatukusema kitu. Alikula taratibu kama alivyokuwa akila zamani, akawasogezea wajukuu nyama, akanawa mikono mapema akaegemea ukuta. Mimi nilikuwa bado nakula.